Kumtaja zimamoto ni rahisi, kazi ni mtoto ajue kumfikia

Nafundisha watoto wadogo, wale wa miaka 3 hadi 7 hivi, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya watu wanaotuhudumia nakuta kitu kilekile, watoto washafundishwa majina. Huyu daktari, huyu polisi, huyu zimamoto, huyu nesi, huyu mzoa taka. Ukionyesha picha wanataja kwa sauti moja mpaka darasa linatikisika, mzazi akipita dirishani anafurahi kabisa. Halafu muulize mmoja mmoja, haya, uko nyumbani na bibi peke yenu, bibi ameanguka na haongei, unafanyaje? Kimya. Au anakujibu "namwita mama." Na mama yuko kazini je? Kimya tena. Hapo ndo unajua zile picha za ukutani hazijamfikisha popote.

Kwa hiyo mada hii mimi siipimi kwa majina ambayo mtoto amekariri. Naipima kwa swali moja, siku atakapomhitaji huyo mtu ataweza kumfikia? Kumfikia kwa maana zote, ajue pa kupiga, ajue aseme nini, asimuogope, na amuone ni mtu kama mama yake na baba yake, anachoka, ana watoto, ana jina. Vingine vyote vya kuchora na kuimba ni vizuri, navipenda pia, ila vinakuja baada ya hapo.

Naanzaga na jina la mama. Mtoto wa miaka 4 ukimuuliza mama yako anaitwa nani anakwambia "Mama". Na baba? "Baba". Wala hajakosea, ndo majina anayoyatumia kila siku, lakini mtu aliyeko upande wa pili wa simu hawezi kumtafuta Mama. Kazi ya kwanza ya nyumbani ninayotuma ni hiyo, mtoto ajue jina lake lote, ajue jina la mzazi kama lilivyo kwenye kitambulisho, ajue namba moja ya simu kwa kichwa, na ajue kueleza anapoishi kwa namna ambayo mgeni anaweza kufika. Kama nyumba haina namba basi ataje kitu kikubwa kilicho jirani, shule, daraja, mnara wa simu, chochote kisichohama. Namba ya simu tunaiimba, na kusema ukweli hakuna njia nyingine inayoshinda kuimba kwa umri huu, watoto wanaishika kabla wiki haijaisha na hawaisahau tena.

Baada ya hapo ndo tunacheza simu. Nachukua simu ya kuchezea au kuukuu isiyo na betri, mtoto anapiga mimi napokea, ila nakaa nimempa mgongo. Hilo la mgongo ni muhimu sana naomba mlizingatie, manake mtoto mdogo akiulizwa kwenye simu "uko wapi" anajibu "hapa", akiulizwa "nani ameumia" ananyoosha kidole, akiulizwa "anapumua?" anatikisa kichwa. Mkikaa mnatazamana unamuelewa, kwa hiyo hajifunzi kitu. Ukimpa mgongo analazimika kuviweka vyote kwenye maneno. Namfundisha aseme kwanza yuko wapi, hata kabla ya kusema kuna nini, kwa sababu simu ikikatika hapo katikati angalau watu wanajua waelekee wapi. Halafu aseme kimetokea nini, halafu nani kaumia, na asikate simu mpaka aambiwe kata. Wazazi nawaambia wamuonyeshe mtoto kwamba simu ya mkononi hata ikiwa imefungwa kwa nywila ina sehemu ya kupiga simu ya dharura kwenye kioo, wengi hata wao walikuwa hawajui.

Namba yenyewe sasa. Kila nchi ina yake na mtoto afundishwe ya kwao, nalisema hili kwa sababu watoto wengi wanaijua 911 kutoka kwenye katuni na wanadhani ndo ya dunia nzima. Hiyo ni ya kule Marekani na Kanada na nchi nyingine kadhaa, simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Februari 1968 kwenye mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Jumuiya ya Ulaya, ambayo sasa ni Umoja wa Ulaya, ilikubaliana 112 mwaka 1991. Ila ya zamani kuliko hizo ni 999 ya London, ilianza 1937, na chanzo chake huwa nawasimulia wazazi kwenye mkutano kwa sababu kinagusa kabisa jambo hili ninaloliongelea. Mwaka 1935 nyumba moja mtaa wa Wimpole iliwaka moto, jirani akapiga simu kuita zimamoto, na enzi hizo simu zilipokelewa na waunganishaji, basi simu yake ikasubiri foleni pamoja na simu za watu waliokuwa wanasalimiana tu. Wanawake 5 walikufa. Jirani akaandika barua gazetini kulalamika, serikali ikaunda kamati, ndo ikazaliwa namba moja fupi inayowasha taa na kengele kwa mpokeaji ili ajue hii haisubiri. Yaani wazima moto walikuwepo, magari yalikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kuwafikia haraka. Mtoto asiyejua apige wapi na aseme nini yuko vilevile kama yule jirani wa 1935.

Swali la wazazi hapo huwa ni moja, je wakianza kupiga kwa kuchezea? Ndo maana tuna mchezo wa kuchambua. Nataja tukio, wao wanasema ni la kupiga simu au la kumwambia mtu mzima. Mpira umekwama juu ya mti. Kaka kalala haamki hata ukimtikisa. Umegombana na mwenzako. Kuna moshi jikoni na hakuna mtu. Mtoto mdogo kameza vidonge vya babu. Wanabishana kweli kweli, na mabishano ndo somo lenyewe. Ila kitu kimoja sikiruhusu kabisa, kumtisha mtoto kwamba akipiga kwa makosa atafungwa. Mtoto aliyetishwa hivyo siku ya siku atasita, na kule kusita ndo hatutaki. Namwambia ukiwa umeogopa kweli na hakuna mkubwa karibu, piga, hakuna atakayekugombeza.

Twende kwa zimamoto. Huyu ndo kipenzi chao, gari jekundu, king'ora, ngazi ndefu. Lakini waliofanya kazi hiyo watakwambia jambo ambalo mzazi halitarajii, kwamba moto ukiwaka mtoto mdogo mara nyingi hakimbii, anajificha. Chini ya kitanda, ndani ya kabati, nyuma ya kochi. Kwa akili yake asichokiona hakimuoni. Halafu kwenye lile giza la moshi anaingia mtu mkubwa, uso umefunikwa, mgongoni kabeba mtungi, anapumua kwa sauti nzito ile ya kifaa cha hewa, mtoto akimuona anazidi kujikunyata ndani na hajibu hata akiitwa. Anamkimbia yule yule aliyekuja kumtoa. Mi nikifikiria hilo silali vizuri, nasema kweli.

Ndo maana wakija darasani nawaomba kitu kimoja kabla ya vingine vyote, msije mmevaa. Njooni na nguo za kawaida, kaeni na watoto mwongee kidogo, halafu mvae mbele yao kipande kimoja kimoja. Buti. Suruali. Koti. Mtungi. Barakoa mwisho kabisa, na akishaivaa aendelee kuongea nao, awaite majina, ili wasikie sauti ya yule yule waliyekuwa wanacheka naye dakika chache nyuma ikitoka humo ndani. Wapo watakaolia, wapo watakaorudi nyuma, mwache mtoto aangalie kutoka mbali, usimburute mbele apigwe picha. Kuna mtoto niliwahi kuwa naye, wa kike, alikaa mlangoni muda wote wa ziara, kesho yake kwenye kona ya michezo akajifunika uso na kikapu anapumua kwa nguvu anawaambia wenzake "msijifiche, ni mimi." Alikuwa amesikia kila kitu.

Kama hamna jinsi ya kuwapata wazima moto, mtu mzima yeyote anaweza kuvaa barakoa yoyote ya kazi mbele ya watoto na ikasaidia, cha muhimu waione sura ikiingia ndani na ikitoka.

Halafu mazoezi ya mwili, haya maneno matupu hayatoshi. Vifo vingi vya moto vinatokana na moshi, na moshi moto unapanda juu, kwa hiyo hewa nzuri iko chini, watoto watambae. Natandaza shuka wawili wanashika wanaliinua usawa wa kiuno, huo ndo moshi, wengine wanapita chini bila kuligusa. Mlango uliofungwa uguse kwa mgongo wa kiganja, ukiwa wa moto usiufungue, tafuta njia nyingine. Ukishatoka umetoka, hurudi kufuata mdoli wala paka wala viatu, na familia nzima iwe na sehemu moja ya kukutania nje. Nguo zikishika moto ndo unasimama, unalala chini, unafunika uso, unajiviringisha. Angalizo hapa, watoto wanapenda mno kujiviringisha na wanachanganya, ukiwauliza kuna moshi chumbani utafanyaje wanajirusha chini wanaanza kubiringika. Nafundisha vitu hivi siku tofauti, na kila mara nauliza, moto uko wapi, kwenye nguo yako au ndani ya nyumba?

Sasa hofu. Hapa naongea na wazazi wenzangu moja kwa moja na naongea kwa upendo. "Ukilia nitamwambia daktari akudunge sindano." "Usipokula namwita polisi akubebe." Maneno haya yanafanya kazi kwa dakika 5, mtoto ananyamaza, anakula, lakini umeshachukua watu wawili ambao mtoto atawahitaji sana na umewageuza majitu. Matokeo yake nayaona darasani, mtoto tumbo linamuuma tangu asubuhi hasemi kwa sababu akisema ataenda hospitali. Anavumilia mpaka homa inapanda.

Na upande wa pili wa sarafu hiyo ni kudanganya, "haitauma." Itauma. Kidogo, kwa muda mfupi, lakini itauma, na mtoto akishagundua ulimdanganya kwenye hilo hatakuamini kwenye jingine. Mi nawaambia itauma kama kufinywa, unaweza kulia hairuhusiwi tu kuvuta mkono, na hesabu pamoja na nesi hadi 5. Tunacheza kliniki sana, bomba la sindano lisilo na sindano, bendeji, midoli, na mtoto anakuwa nesi siku moja, mgonjwa siku nyingine. Akiwa nesi utasikia anayomwambia mdoli, na hapo utajua nyumbani anaambiwa nini.

Watoto wa miaka 6 na 7 wanauliza swali zuri, mbona nachanjwa na siumwi? Najibu kwamba chanjo ni kama kumuonyesha mlinzi wa getini picha ya mwizi kabla mwizi hajaja, siku akija anamjua. Halafu nawasimulia ndui. Ugonjwa ulioua watu wengi sana kwa karne nyingi, na leo haupo, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1980 kwamba umetokomezwa. Mtu wa mwisho kuupata kwa njia ya kawaida aliitwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa anafanya kazi hospitalini kabisa na chanjo alikuwa ameikwepa, alikuja kueleza mwenyewe kwamba aliogopa sindano ingemuuma. Alipona, na baadaye akajitolea kwenye kampeni ya polio anapita kwa wazazi anawasimulia yaliyomkuta ili wawapeleke watoto wao. Watoto wakisikia kwamba mtu mzima naye aliogopa sindano wanatulia ajabu, mabega yanashuka kabisa unaona. Na mtu anayepita nyumba kwa nyumba na chanjo naye ni mhudumu, ingawa kwenye mabango hayupo.

Kuhusu polisi naenda taratibu zaidi. Si kila mtoto amemuona polisi akivusha watu barabara, wapo waliomuona anamchukua mtu wa nyumbani, huwezi kumwambia huyo mtoto polisi ni rafiki ukategemea akubali. Nasema kazi ya polisi ni kulinda watu, na polisi ni mtu, akikosea naye wapo wanaopaswa kumwajibisha. Basi. Simlazimishi mtoto yeyote kumkumbatia wala kumpa mkono mgeni mwenye sare. Ninachokifundisha kwa undani ni kupotea. Ukipotea simama hapo hapo ulipo, usiendelee kutembea unatafuta, anayekutafuta atarudi njia aliyopita. Ita jina la mzazi, lile jina la kwenye kitambulisho, manake sokoni ukiita "Mama" wanageuka wanawake wote. Tafuta polisi, au mtu anayefanya kazi mahali hapo, mwenye sare au kitambulisho kifuani, au mama mwenye watoto wadogo. Mwambie nimepotea, naitwa fulani, namba ya mama ni hii. Na usitoke naye nje kwenda kwenye gari, msubiri hapo hapo.

Na hili hapa silirukii hata siku moja, sare haimpi mtu ruhusa ya siri. Daktari anaweza kuhitaji kukuangalia sehemu zako za siri, lakini mzazi awepo na sababu ielezwe. Mtu yeyote, daktari, mwalimu, polisi, dereva wa basi la shule, mimi mwenyewe, akikugusa vibaya halafu akasema usimwambie mtu, hapo ndo pa kusema mara moja, na ukimwambia mtu mzima wa kwanza asipokusikiliza mwambie wa pili, wa tatu, mpaka apatikane anayesikiliza. Kumfundisha mtoto kuamini wahudumu bila kumfundisha hili ni kumwacha nusu njia.

Haya, tuje kwenye taka, ambako ndiko moyo wangu uko. "Usiposoma utaishia kuzoa taka." Mtoto wa miaka 5 tayari analijua hilo sentensi, na anajua maana yake, kwamba kuna watu wa kuheshimiwa na kuna watu wa kutishia wenzao. Huyo mtoto ukimfundisha kutaja "mzoa taka" kwenye bango umefanya nini? Hujafanya kitu. Anataja huku anacheka.

Kwa hiyo tunafuata taka. Kwa siku kadhaa taka kavu za darasa hazitolewi nje, makaratasi, maboksi, plastiki, tunazirundika kwenye kona moja ndani. Rundo linakua, sehemu ya kucheza inapungua, watoto wenyewe wanaanza kulalamika. Nawauliza, mji mzima ukifanya hivi? Za jikoni je, zinazooza? Halafu tunamwita anayesafisha shule yetu, anakaa kwenye kiti cha mbele kama mgeni rasmi, watoto wanamuuliza maswali. Maswali yao hayana adabu za kikubwa na ndo uzuri wake. Unaamka saa ngapi? Ukiumwa nani anafagia? Ulishawahi kukatwa na chupa? Kwako nani anafagia? Yule mama akawaonyesha kovu kwenye kidole, kipande cha kioo kilichotupwa kwenye mfuko bila kufungwa na kitu. Tangu hapo darasa langu kioo kikivunjika watoto wanakimbilia gazeti kabla sijasema lolote, na wanawafundisha mama zao nyumbani, naletewa taarifa. Kufunga kioo kwenye karatasi nzito, kutochanganya betri na taka nyingine, kutoacha sindano iliyotumika kwenye mfuko wa taka, hiyo ndo heshima inayoonekana kwa mtu ambaye mikono yake itabeba ulichotupa.

Na wakubwa mnaosoma hapa mkumbuke mji wa Memphis kule Marekani, mwaka 1968. Wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walisagwa ndani ya gari la taka lililokuwa bovu walipojikinga mvua humo. Wenzao zaidi ya 1,000 waligoma, wakaandamana na mabango yaliyoandikwa "Mimi ni Mtu". Martin Luther King, yule mpigania haki za weusi wa Marekani, alikuwa amekwenda kuwaunga mkono alipouawa, Aprili 4. Watoto wadogo siwasimulii habari za kuuawa, hapana, lakini mabango yale nimewasimulia. Mtoto mmoja akaniuliza, "Ticha, kwani nani alisema wao si watu?" Nilimuacha aulize na wenzake wajibu, walikaa kwenye swali hilo muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

Maji yanafuata njia ileile. Chupa ya maji ya tope, unaiacha itulie, tope linashuka. Unayamwaga polepole kwenye kichujio cha mchanga safi na changarawe, yanatoka meupe, watoto wanashangilia wanataka kunywa. Hapana hayanyweki! Vijidudu havionekani. Kule mitamboni wanaweka dawa inayogandisha uchafu ushuke, wanachuja, halafu wanaua vijidudu kwa klorini, na kuna mtu anayapima mchana na usiku, usiku wewe umelala yeye anapima. Kwa wale wakubwa kidogo nasimulia pampu ya mtaa wa Broad, London mwaka 1854, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 eneo moja, na daktari John Snow alizunguka akiuliza kila nyumba wanachota wapi maji, akagundua wengi walichota pampu moja, akawashawishi viongozi waondoe mkono wa pampu ile. Baadaye ikajulikana kuna shimo la maji machafu lilikuwa linavujia kisimani. Watoto wanapenda kwamba daktari aliokoa watu kwa kuuliza maswali na kuchora ramani, bila dawa yoyote mkononi. Na wanaelewa papo hapo kwamba anayezibua mitaro na daktari wanafanya kazi moja.

Posta sikai sana, watoto wa siku hizi barua hawaijui, ingawa wanafurahi kujua kwamba stempu ya kwanza ya kubandika ilitoka Uingereza mwaka 1840 na kabla ya hapo mara nyingi aliyepokea barua ndo alilipa. Maktaba nakaa zaidi, kwa sababu hapo ndo mtoto anakutana kwa mara ya kwanza na kitu ambacho si chake, si cha mwenzake, ni cha wote. Anachukua, anatunza, anarudisha, mwingine anachukua. Ni hapo wanapouliza, nani alinunua? Nani anamlipa yule dada wa maktaba? Tunaweka boksi, kila mtoto anatoa kalamu moja ya rangi, halafu tunajadili tutumie vipi na nani asimamie, wanaona wenyewe kwamba akichukua mmoja kwa siri wote wanapungukiwa. Kodi nzima iko humo, na mtoto wa miaka 6 anaielewa vizuri sana.

Neno dogo kwa walimu wenzangu kuhusu wageni. Msimwache mgeni ahutubie. Mwambie aje na kifaa kimoja cha kazi kinachoshikika, aeleze kitu gani ni kigumu kwenye kazi yake, dakika 15 zinatosha, zinazobaki ni za maswali. Tafuteni nesi mwanaume, tafuteni fundi umeme mwanamke, manake mwanamke akiingia na koti jeupe utasikia wanamwita nesi hata ukishawaambia ni daktari, hilo halitoki kwa kusemwa tu, linatoka kwa kuona. Mkiwa na mtoto asiyesikia darasani, muulizeni huyo mgeni wa zimamoto au wa ambulensi, mtoto huyu atawafikiaje ninyi? King'ora hakisikii, simu hawezi kuongea. Nimeuliza hilo kwa wageni zaidi ya mmoja, wengine walikuwa na jibu tayari, kuna nchi unaweza kutuma ujumbe mfupi kwenye namba ya dharura, wengine waliandika swali wakaondoka nalo.

Na wale wakubwa wangu, wanaokaribia kuondoka kwenda darasa la kwanza, tunamalizia na kitu kibovu. Tunatembea kuzunguka shule tunatafuta kimoja ambacho ni cha umma na kimeharibika, bomba linalovuja, taa ya barabarani isiyowaka, kivuko kilichofutika rangi. Wanakichora, wananiambia maneno ya barua nami naandika kama wanavyosema, tunatafuta ni ofisi gani inahusika, tunapeleka. Mara nyingine wanakuja kutengeneza na watoto wanasimama kwenye uzio wanaangalia mafundi tangu mwanzo hadi mwisho hawataki hata kwenda kucheza. Mara nyingine hawaji, na hapo watoto wananiuliza, ticha, tumeandika, sasa tunafanyaje? Tunaandika ya pili, tunataja tarehe ya ile ya kwanza, na tunauliza mkubwa wa ofisi hiyo ni nani.